Hodi Riyadh, Hodi Jeddah

Jioni ya tarehe 18 Aprili 2018, wageni waalikwa waliingia katika ukumbi mmoja wa mtaa wa fedha wa Mfalme Abdullah, mjini Riyadh, kutazama filamu. Ukumbi wenyewe haukukusudiwa filamu. Katika ramani za awali ulikuwa ukumbi wa okestra, mahali pa watu kukaa kwenye viti vya ngozi na kusikiliza simfoni. Mambo yakabadilika, skrini ikatundikwa, na Saudia, iliyokaa zaidi ya miaka 35 bila majumba ya sinema ya umma, ikafungua la kwanza kwa Black Panther.

Waandishi waliokuwapo waliandika juu ya bisi, juu ya wanaume na wanawake kukaa safu moja, juu ya vigogo waliohudhuria. Muziki haukuzungumziwa sana. Ndiyo kawaida ya muziki wa filamu: ukifanya kazi yake vizuri, watu wanasahau kuwa upo. Lakini njia uliyopitia hadi kufika kwenye ukumbi ule inafaa kufuatwa hatua kwa hatua na kila mtunzi anayejitafutia kazi mwenyewe.

Mtunzi wa muziki ule, Ludwig Göransson, ni Mswidi. Alipopewa kazi alifunga safari hadi Senegal, akafuatana na mwimbaji Baaba Maal kwenye ziara yake, akawarekodi wapigaji wa huko. Ngoma ya kubana kwapani inayosikika kila mfalme wa Wakanda anapotokea imepigwa na Massamba Diop. Kisha Göransson akaenda Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Hugh Tracey mwaka 1954, ambamo mna sauti zilizorekodiwa hadi Kenya, Uganda na Tanganyika, akakaa kusikiliza. Mwaka 2019 akatwaa Oscar.

Hadithi hii husimuliwa kana kwamba ilianzia Senegal. Ilianzia chuoni, huko California, ambako Göransson alikutana na kijana mwingine aliyekuwa akisomea uongozaji wa filamu, Ryan Coogler. Wakati huo hakuna aliyemjua yeyote kati yao. Göransson alitunga muziki wa filamu fupi ya Coogler ya mwaka 2009, filamu ya mwanafunzi, na wakaendelea hivyo kazi baada ya kazi hadi wakafika kwenye bajeti za mamilioni. Kwa hiyo alipiga hodi mbili. Ya kwanza aliipiga kwa mwenzake wa rika na hali moja. Ya pili, kwa Baaba Maal, aliipiga akiwa tayari ana filamu mkononi, ana sababu ya kufika na ana cha kumpa mwenyeji wake. Watunzi wengi wanaoanza huiruka ile ya kwanza, kisha huipiga ya pili mikono mitupu.

Riyadh na Jeddah kwa sasa zimejaa hodi za namna hiyo. Tangu Mamlaka ya Burudani ilipoundwa mwaka 2016 na Tume ya Muziki mwaka 2020, fedha zimemiminwa katika matamasha, filamu, michezo ya kompyuta, matangazo na misimu ya burudani, na habari zimeenea. Watunzi wa Cairo wanaandika, wa Beirut wanaandika, wa London wanaandika. Mtu wa Mombasa au Unguja naye anaandika. Anatafuta majina makubwa kwenye simu yake, anatunga ujumbe mmoja mrefu, anautuma kwa watu hamsini, halafu anasubiri.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo tunaitumia sana kwenye hotuba za kukaribisha wageni, na pengine ndiyo sababu tumeacha kuisikiliza. Inamtaka mgeni aje na dawa. Hakuna mwenyeji anayepona kwa kutumiwa wasifu.

*

Anayedhani muziki wa Saudia ulianza na hayo matamasha ya mwanga na moshi jangwani ataandika ujumbe wa kuudhi bila kujua. Muziki ulikuwapo, tena wenye watunzi mashuhuri, na karibu wote walijijenga kwa kutafutana.

Tariq Abdulhakim, mzaliwa wa Taif wa mwaka 1920, alikuwa askari. Mwaka 1952 alipelekwa Misri kusomea muziki, akarudi kuijenga bendi na shule ya muziki ya jeshi. Hakuridhika na tarumbeta za gwaride. Wimbo wake wa Ya Reem Wadi Thaqif uliimbwa na Najah Salam, mwimbaji wa Lebanoni, na sauti ya milima ya Hijazi ikasikika katika miji ambayo haikuwa na habari na Taif. Mtunzi aliyetoka pembeni alimpata mwimbaji aliyekuwa tayari anasikilizwa, akampa kitu ambacho watunzi wa Beirut na Cairo hawakuwa nacho. Mwaka 1981 Baraza la Kimataifa la Muziki, lililo chini ya mwavuli wa UNESCO, lilimtunukia tuzo. Leo Jeddah ya kale, kwenye mitaa ya Al-Balad, ina jumba la makumbusho lenye jina lake.

Msomaji wa Zanzibar ataona kitu anachokijua hapo. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayesimuliwa kumpeleka Cairo Mohamed Ibrahim ili ajifunze kupiga ala ya kanuni, na mafunzo yale yakaja kuzaa vikundi vya taarabu, Ikhwani Safaa ikiwa imeundwa mwaka 1905. Taif ilifuata njia ileile miongo kadhaa baadaye. Ukikutana na mpiga kanuni wa Jeddah, mna babu mmoja wa muziki, na huyo babu anakaa Cairo.

Kisha kuna Siraj Omar. Huyu ndiye aliyetunga muziki wa Maqadeer, ulioimbwa na Talal Maddah katika miaka ya 1970 na ambao mpaka leo ukipigwa kwenye hafla ya Jeddah wazee hufumba macho. Maneno yake ni ya Mwanamfalme Mohammed al-Abdullah al-Faisal. Kwa hiyo wimbo mmoja ulihitaji mshairi, mtunzi na mwimbaji, watu watatu tofauti kila mmoja na kazi yake. Mgawanyo huo bado unatawala Ghuba nzima. Kwetu, kijana wa Bongo Flava anaandika mashairi yake, anatafuta prodyuza mwenye biti, anaingia kibandani, kazi kwisha. Saudia mtunzi wa nyimbo asiye na mshairi hana pa kuanzia. Ndiyo maana mtu wa kwanza kumtafuta Riyadh huwa ni mshairi, hata kabla ya mwimbaji.

Mfano mkubwa kuliko yote uko kwenye wimbo wa taifa wenyewe. Muziki wake ulitungwa mwaka 1947 na Mmisri, Abdul Rahman al-Khateeb, na kwa miaka 37 ulipigwa bila maneno. Mwaka 1984 ndipo yalipopitishwa maneno ya mshairi Ibrahim Khafaji, na aliyeyaketisha juu ya muziki ule wa zamani alikuwa Siraj Omar. Kazi ya kuketisha maneno juu ya muziki uliokwisha kutungwa haina sifa kubwa mitaani. Huwezi kurefusha sauti, huwezi kubadilisha mapigo, na kila silabi lazima ipate kiti chake. Ni kazi ya mtu anayekubali kumtumikia mwenzake asiyekuwapo chumbani. Mnamo Januari 2025 mkuu wa Mamlaka ya Burudani, Turki Alalshikh, alitangaza kuwa amezungumza na Hans Zimmer juu ya kuupangilia upya wimbo huohuo kwa vyombo vingine, na mabishano yakazuka mara moja. Kazi ya Siraj Omar watu walikuwa wameizoea hata wakasahau kuwa kuna mtu aliyeifanya.

*

Kwa miaka mingi tamasha la hadhara lilikuwa kitu adimu. Mwimbaji Mohammed Abdu alipopanda jukwaani Riyadh Machi 2017, wengi waliomshangilia walikuwa hawajawahi kuona tamasha la muziki katika mji wao wenyewe. Katika miaka hiyo muziki haukufa. Ulihamia majumbani, kwenye majlisi na kwenye nyumba za mapumziko za nje ya mji, ambako watu hukaa chini, udi ukazunguka, kahawa ya iliki na tende zikapita, na mwimbaji akaimba hadi usiku mkubwa. Mengi ya yaliyorekodiwa enzi hizo yana sauti ya chumba chenye watu.

Matokeo yake yanamhusu mtunzi mgeni moja kwa moja. Tasnia iliyolelewa sebuleni hujuana kwa watu. Ofisi za sasa zina vioo na mashine za kahawa, lakini swali la kwanza moyoni mwa anayepokea ujumbe bado ni lilelile la sebuleni: huyu kaletwa na nani? Mpiga ngoma wa Kisudani anayefanya kazi na vikundi vitatu vya Jeddah anaweza kukufungulia mlango ambao barua pepe kumi hazikuufungua. Fundi mitambo wa studio anaweza zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani kachelewesha muziki wa nani. Mtafute fundi mitambo. Hakuna anayemwandikia.

Kuna watu wa asili ya Afrika katika muziki wa Hijazi tangu zamani, na ngoma zao hazikukaa pembeni. Mizmar, mchezo wa fimbo na ngoma unaochezwa kwenye vichochoro vya Makka na Jeddah, uliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2016, mwaka mmoja baada ya Ardha ya Najdi ya upande wa Riyadh. Upande wa Ghuba kuna liwa, ngoma iliyotoka pwani yetu, ambayo nyimbo zake zina maneno ya Kiswahili hadi sasa. Mtunzi wa Tanga anayekwenda huko na sampuli za biti za Lagos alizopakua mtandaoni amekwenda bila dawa. Anayejua msondo, kidumbaki au vugo kwa mkono wake mwenyewe ndiye mwenye dawa.

*

Ujumbe wenyewe basi. Tuchukue ule unaotumwa mara nyingi, kwa maneno ya jumla: mimi ni mtunzi mahiri wa muziki wa aina zote, nina uzoefu wa miaka kadhaa, naweza kutunga chochote, tafadhali sikiliza kazi zangu, halafu viungo kumi na vinne. Muongozaji wa filamu anausoma saa sita usiku akiwa kwenye gari. Mtu anayeweza chochote hajamwambia kitu. Viungo kumi na vinne ni kazi ya nyumbani. Anaufunga, na kutojibu kwake si kiburi.

Sasa tumfikirie mtunzi mwingine, aliyekwenda kwenye onyesho la filamu fupi, akakaa hadi majina ya mwisho yalipopita, akaomba namba kwa mtu wanayefahamiana naye. Anaandika hivi:

“Assalamu alaikum, Ustadhi. Namba yako nimepewa na fulani, tulifanya naye tangazo la biashara. Niliiona filamu yako ya mvuvi. Pale anaposhona nyavu hapana muziki. Nimepajaribia kanuni peke yake, sekunde hamsini, nimeibandika kwenye picha kutoka kipande chako cha matangazo. Kama ukimya ule uliuweka makusudi, nisamehe, na hongera. Nipo Jeddah hadi Alhamisi.”

Ndani ya mistari hiyo mna mtu anayemdhamini, mna ushahidi kwamba filamu ilitazamwa, mna kazi iliyokwisha kufanywa, fupi, inayosikilizika kwa simu bila kupakua, na mna tarehe. Pia mna njia ya heshima ya kukataa, na hiyo ndiyo inayosahaulika zaidi. Katika utamaduni ambao kusema “hapana” usoni ni utovu wa adabu, mtu asiyepewa njia ya kukataa kwa heshima atachagua kunyamaza. Jibu la inshallah nalo lipokelewe linavyosemwa. Linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa “hapana” ya polepole. Anayeuliza tena kesho yake asubuhi ataiharakisha hiyo ya pili.

Ujumbe wa sauti unapendwa sana huko, hata kwenye mambo ya kazi, na kwa mtunzi una faida: sauti inajulisha tabia. Lakini usizidi dakika moja, na salamu zisiliwe. Mtu anayeruka salamu ili “kuokoa muda” wa mwenyeji Mhijazi ameshaupoteza wa kwake.

*

Jeddah ndiko kwenye filamu. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Bahari ya Shamu lilianza huko Desemba 2021, na pamoja nalo soko lake na mfuko wake unaosaidia waongozaji wa Kiarabu na Kiafrika. Wageni wengi hukimbilia zulia jekundu wapige picha na nyota. Mtunzi mwenye akili huenda sokoni, kwenye kile kitengo kinachoonyesha filamu ambazo hazijamalizika. Filamu hizo zimeshapigwa picha, ziko kwa mhariri, fedha za kumalizia zinatafutwa, na mara nyingi muziki uliomo ni wa kuazima. Mhariri ameweka vipande vya filamu nyingine ili picha zisiwe bubu. Muziki wa kuazima humwambia mtunzi mambo mawili kwa mpigo: kwamba kazi bado haina mwenyewe, na muongozaji anatamani nini. Hatari yake inajulikana. Muongozaji akishausikia mara mia, anaupenda, na anachokutaka ufanye ni kuuiga. Wa kumwambia hapana kwa upole ni wewe, kabla ya mkataba.

Mfano mzuri kwa watu wa upande wetu ni Goodbye Julia, filamu ya Sudan ya mwaka 2023 iliyosaidiwa na mfuko huo wa Jeddah na kupata Tuzo ya Uhuru mjini Cannes. Muongozaji wake, Mohamed Kordofani, alikuwa mhandisi wa ndege huko Bahrain kabla ya kuacha kazi na kushika filamu. Kwa muziki hakwenda kutafuta jina Ulaya. Muziki wa filamu ile ni wa Mazin Hamid, Msudani mwenzake, mwanamuziki na mwimbaji. Hadithi inahusu mwanamke wa Khartoum aliyewahi kuwa mwimbaji na mumewe akamkataza, kwa hiyo nyimbo si mapambo ndani yake. Ukizitoa, filamu inaanguka. Mtunzi wa filamu ya namna hiyo lazima aujue wimbo wa Kisudani kutoka ndani, na fedha za Ghuba zilimfuata alipokuwa.

Wasaudi wenyewe walianza vinginevyo. Wadjda ya Haifaa al-Mansour, filamu ndefu ya kwanza kupigwa yote nchini humo, ya mwaka 2012, muziki wake ulitungwa na Max Richter, mzaliwa wa Ujerumani aliyekulia Uingereza. Ni muziki mzuri, na hakuna haja ya kumlaumu yeyote: sinema zilikuwa marufuku, mtunzi wa filamu angetoka wapi? Sasa wanatoka. Chuo Kikuu cha Effat, cha Jeddah, kinafundisha filamu, na Hayy Cinema, ndani ya jengo la sanaa la Hayy Jameel, inaonyesha filamu huru tangu mwishoni mwa 2022. Mwanafunzi anayemaliza filamu yake ya dakika kumi na tano hana fedha za kukulipa vizuri. Coogler naye hakuwa nazo.

*

Riyadh ina desturi nyingine. Huko ndiko zilikohamia kampuni kubwa, MBC ya televisheni ikiwa mojawapo mwaka 2022. Huko ndiko watu wa studio ya Myrkott walikotengeneza katuni za Masameer na wale wa Telfaz11 walikokulia kutoka video za mtandaoni hadi filamu ndefu. Kila mwisho wa mwaka, kuanzia 2021, kampuni ya MDLBEAST huandaa mkutano wa XP kwa watu wa muziki, siku chache kabla ya tamasha lake kubwa la Soundstorm. Mtu anaweza kuonana na mawakala, wanasheria, mameneja na maprodyuza wa nchi ishirini mahali pamoja. Ni mahali pa kujulikana uso. Kazi yenyewe hukubaliwa baadaye, kwenye chakula cha usiku, na wakati mwingine mezani hapatajwi muziki hata mara moja.

Aprili 2024 mji huo ulipata kitu ambacho hata miaka kumi kabla kingechekwa: opera kubwa ya Kisaudi, Zarqa Al Yamama, kwenye Kituo cha Utamaduni cha Mfalme Fahad. Ni kisa cha kale cha mwanamke mwenye macho ya buluu aliyeona mbali, akawaonya watu wa kabila lake kwamba maadui wanakuja wamejificha nyuma ya miti, wasimsadiki. Maneno ni ya mshairi Msaudi Saleh Zamanan, muziki ni wa Lee Bradshaw, kutoka Australia. Jukwaani alikuwapo Sarah Connolly, mwimbaji Mwingereza mwenye sifa kubwa, akiimba Kiarabu, pamoja na Wasaudi akina Khayran Al-Zahrani, Reemaz Oqbi na Sawsan Albahiti. Okestra ilitoka Dresden, kwaya ilitoka Brno.

Mtu wa kuangaliwa hapo ni Albahiti, binti wa Jeddah anayetajwa kama mwimbaji wa kwanza wa opera wa Saudia. Ukitaka kujua mradi wa kimataifa unakwama wapi bila mtu kama yeye, tazama midomo ya kwaya. Waimbaji wa Kicheki wakiimba “ain” na “hha” za Kiarabu mbele ya hadhira ya Riyadh wanahitaji mtu wa kuwafundisha kila herufi, na mtunzi anahitaji kujua ni herufi ipi inaweza kushikiliwa juu na ipi inaziba koo. Msomaji aliyesoma chuo cha Kurani mbele ya maalimu mwenye bakora ana mafunzo ambayo mtunzi wa Melbourne hupaswa kuyalipia. Hilo ni jambo la kutaja kwenye ujumbe kuliko orodha ya programu za kompyuta unazozijua.

*

Sasa fedha, kwa kuwa bila hizo makala haya ni ya starehe.

Hati ya kazi huru inayotolewa na serikali, ambayo kijana wa Kisaudi anaipata mtandaoni na kuanza kutoza, ni ya raia. Mgeni mwenye ikama ya kawaida, yaani kibali cha ukaazi, yuko chini ya mwajiri wake. Anayelea watoto, anayeendesha lori au anayefanya usafi hospitalini hawezi kutoza kazi ya muziki kwa jina lake bila kujiingiza matatani, hata kama anatunga usiku chumbani mwake. Tangu Januari 2024 ukaazi maalumu una daraja la wenye vipaji, likiwamo eneo la utamaduni, kwa ada ya riyali 4,000, lakini masharti yake ni ya watu waliokwisha kutambuliwa. Kwa wengi njia iliyonyooka ni kubaki Dar au Nairobi, kusaini mkataba na kampuni ya Riyadh, na kutuma kazi kutoka nyumbani.

Hapo hesabu hubadilika. Kampuni ya Saudia inayomlipa mtu asiyekaa nchini hukata kodi kabla ya kutuma fedha: kwa huduma za kitaalamu asilimia 5, kwa mirabaha asilimia 15. Kwa hiyo namna kazi yako ilivyoitwa kwenye mkataba inagusa mfuko wako, na swali la nani anabeba makato hayo linaulizwa kabla ya kutaja bei.

Hati ya kuogopa inaitwa tanazuli. Ndiyo karatasi ambayo mshairi na mtunzi wa Ghuba humsainia mwimbaji ili arekodi wimbo, na inaweza kuwa fupi kuliko kadi ya harusi. Nyingine huruhusu wimbo mmoja, mwimbaji mmoja. Nyingine humwachia mnunuzi kila kitu, pamoja na matangazo, filamu na matumizi ambayo bado hayajabuniwa. Sheria ya Saudia humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini hailindi ulichokiuza mwenyewe kwa wino wako. Anayeona haya kusoma karatasi mbele ya mwenyeji wake aliyemkirimu aseme tu kwamba ana desturi ya kumwonyesha kaka yake. Kila mtu huko ana kaka wa kumwonyesha.

*

Desemba ni mwezi wenye shida yake: XP ya Riyadh na tamasha la filamu la Jeddah hukaribiana mno, na kati ya miji hiyo pana kilomita zaidi ya 900. Wenye nauli hujaribu yote mawili, wakafika kila mahali wamechoka. Anayetunga nyimbo aende Riyadh, anayetunga kwa picha aende Jeddah, na asikae hotelini.

Baada ya hapo saa inageuka. Tamthilia za Ramadhani ndizo zinazotazamwa kuliko zote katika mwaka, na Ramadhani ya 2027 inatarajiwa mapema Februari. Mwezi wenyewe ukiingia, hakuna anayejibu mchana, na mikutano huanza baada ya tarawehe. Wiki zinazotangulia ni za purukushani: vipindi viko kwa mhariri, mtunzi wa awali amezidiwa, kipande cha kipindi cha kumi na saba hakina muziki na kinatakiwa Jumapili, siku ya kwanza ya wiki yao ya kazi. Mtu aliyekutana na mhariri huyo Desemba, akamtumia sekunde hamsini za kanuni bila kudai chochote, ndiye anayepigiwa simu Ijumaa usiku. Atapewa saa arobaini. Ataulizwa kama anaweza kuleta kila chombo kwenye faili lake, sauti imepangwa sawa na picha, bila mwangwi uliogandishwa ndani. Akijibu kuwa ndiyo, atatumiwa picha palepale, na bei itazungumzwa Jumatatu.